Nusu ya pili ya ushauri: Angela Rayner, flati ya Hove na pauni 40,000

Kuna watu mpaka leo wanasema Angela Rayner, yule mama aliyejiuzulu serikali ya Uingereza Septemba 2025 kwa ajili ya kodi ya flati, alikwepa kodi makusudi, na kuna wengine wanasema alionewa kwa vile katoka kwenye umaskini, mimi nimekaa na hii kesi muda na naona pande zote mbili wameruka jambo lenyewe. Kwahiyo tuipitie taratibu tuanzie kwenye hesabu, maana hesabu haina chama.

Mei 2025 Angela Rayner, wakati huo Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza na papo hapo waziri wa nyumba (shika hilo, waziri wa nyumba), alinunua flati Hove, mji wa pwani kusini mwa England, bei pauni 800,000. Ukinunua nyumba England unalipa ushuru wa stempu na unapanda kwa ngazi, pauni 125,000 za kwanza hulipi kitu, kutoka hapo mpaka 250,000 ni asilimia 2, kutoka 250,000 mpaka 925,000 ni asilimia 5. Piga sasa, 2,500 jumlisha 27,500 unapata 30,000. Hiyo ndo aliyolipa. Ila kama nyumba ni ya ziada, yaani siku ununuzi unakamilika unajikuta na nyumba zaidi ya moja, unaongezewa asilimia 5 juu ya bei yote kuanzia pauni ya kwanza, hapo hakuna cha ngazi. Asilimia 5 ya 800,000 ni 40,000, jumla inakuwa 70,000. Ugomvi wote uliomng'oa mtu wa pili kwa ukubwa serikalini ni hiyo 40,000 ya katikati.

Na kabla hatujaenda mbali, hiyo nyongeza ilianzishwa na George Osborne, waziri wa fedha wa Conservative, Aprili 2016 ikiwa asilimia 3. Aliyeipandisha mpaka 5 ni Rachel Reeves, waziri wa fedha wa Labour, kuanzia tarehe 31 Oktoba 2024, kwenye bajeti ya kwanza ya serikali ya Labour, serikali ambayo Rayner alikuwa namba mbili. Flati ile ile angeinunua mwaka mmoja nyuma nyongeza ingekuwa 24,000. Yaani kamba waliisokota wenyewe.

Sasa kwanini alilipa 30,000 badala ya 70,000? Hapa ndo watu wengi wanapita haraka, na hapa ndo pana kisa.

Rayner alizaliwa Stockport 1980, akaacha shule na miaka 16 akiwa mjamzito, akafanya kazi ya kuhudumia wazee, akapandia huko kwenye chama cha wafanyakazi cha Unison mpaka akaingia bungeni 2015 kwa jimbo la Ashton-under-Lyne karibu na Manchester. Mmoja wa wanawe alizaliwa mapema mno, wiki 23, na anaishi na ulemavu wa kudumu. Yalitokea yaliyotokea hospitali, baadae mtoto akalipwa fidia na huduma ya afya ya taifa, na 2020 mahakama ikaagiza hiyo hela iwekwe kwenye mfuko wa amana chini ya wadhamini kwa ajili ya mtoto. Mpaka hapo hakuna mwenye neno.

Nyumba ya familia iko Ashton. Ndoa ikavunjika, talaka ikatoka 2023, na wakakubaliana kitu ambacho kwa sisi kinaweza kuonekana cha ajabu lakini kina akili yake, watoto hawahami, wazazi ndo wanapokezana zamu kuja kukaa nao. Nyumba ilishawekewa vifaa vya yule mtoto, kumhamisha ni kumtesa. Kwenye mgawanyo sehemu ya nyumba ikaingia kwenye ule mfuko wa amana na Rayner akabaki na robo. Januari 2025 ile robo nayo akaiuzia mfuko kwa pauni 162,500, hela hiyo akaitoa kama kianzio cha flati ya Hove, iliyobaki akachukua mkopo wa benki.

(Hapo kuna walioguna, kwamba hela ya fidia ya mtoto inatumika vipi kununua hisa ya mama yake? Mimi sio hakimu wa hilo. Mfuko una wadhamini na nyumba ni ya huyo huyo mtoto kukaa. Ila nakubali kwamba kwa mtu anayesoma kichwa cha habari tu haisikiki vizuri.)

Kwahiyo kwa akili ya kawaida kabisa, akili ya mimi na wewe, Mei 2025 Rayner hana nyumba. Ameuza. Jina lake halipo. Ananunua moja, hiyo moja ndo pekee, analipa kiwango cha kawaida. Ndo alivyoelewa, na kusema ukweli hata mimi ningeelewa hivo hivo.

Sheria haielewi hivo. Ndani ya sheria ya fedha ya 2003 kuna jedwali refu la hii nyongeza, na humo kuna kipengele kinachosema kama nyumba iko kwenye aina fulani za amana na mnufaika ni mtoto chini ya miaka 18, basi kwa ajili ya kodi hii mzazi ndo anahesabiwa mwenye nyumba. Uwe umeuza, uwe hujauza, uwe huna hata funguo. Na kwanini waliweka? Ukiwaza dakika mbili unaona, bila hicho kipengele kila tajiri angeandikisha nyumba kwa jina la mwanae wa miaka mitatu alafu anaenda kununua ya pili, ya tatu, ya nne, kila mara anajiita mnunuzi asiye na nyumba. Ni wavu uliotegewa papa. Mtoto wake alikuwa na miaka 17 wakati huo. Wavu ukamnasa mama ambaye mtoto wake ana amana ya mahakama kwa sababu ya ulemavu, lakini wavu ukishanasa hauulizi ulikuwa unaenda wapi.

Na tukiwa hapo hapo kwenye sheria, niwaambie ndugu zangu mlioko London, Leicester, Reading na kwingine, maana hili linawahusu nyie kuliko Rayner. Hii nyongeza inahesabu nyumba popote duniani. Sio Uingereza tu. Una nyumba Kigamboni, au mke wako ana nyumba Kitengela, thamani yake kwa sehemu yenu inafika pauni 40,000 (namba kugongana na ile nyingine ni bahati tu), alafu unanunua nyumba yako ya kwanza England, kwao hiyo ni ya ziada, asilimia 5 juu ya bei yote. Kiwanja kitupu hakihesabiwi, nyumba ndo inahesabiwa. Mke na mume wanaoishi pamoja wanahesabiwa kama mtu mmoja. Mirathi ina nafuu kidogo, ukirithi sehemu isiyozidi nusu inakuwa haihesabiwi kwa miaka mitatu ya mwanzo. Na ile nyumba uliyomjengea mama kijijini ikiwa hati ina jina lako na thamani imefika, inahesabiwa, hata kama hujawahi kulala humo usiku mmoja. Watu wengi hujaza fomu wakijibu swali la "una nyumba nyingine?" kwa kichwa cha Uingereza. Scotland na Wales wana kodi zao tofauti na viwango vyao, huko msije mkapiga hesabu kwa hizi namba.

Turudi kwa mama. Mwishoni mwa Agosti 2025 gazeti la Telegraph likaandika kwamba kaokoa pauni 40,000 kwenye flati. Magazeti yakaanza kuhesabu nyumba zake, Ashton, Hove, na makazi ya serikali pale Admiralty House London, akapewa na jina la utani la nyumba tatu. Alafu kikaibuka kitu ambacho kilimmaliza kwenye vichwa vya watu kabla hata ya sheria: kwenye kodi ya halmashauri, Ashton ndo ilikuwa imeandikwa makazi yake makuu. Watu wakasema ahaa, kumbe halmashauri unawaambia makazi yako makuu ni Ashton alafu HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, unawaambia huna nyumba nyingine zaidi ya Hove, unatuchezea?

Hapa nitamtetea kidogo, maana hizo ni kodi mbili zinazouliza maswali mawili tofauti. Kodi ya halmashauri inauliza unaishi wapi. Ushuru wa stempu unauliza unamiliki nini. Mtu anaweza kuishi kwenye nyumba asiyoimiliki, wapangaji wote wa dunia hii wanafanya hivo kila siku. Kwahiyo majibu yake mawili hayakuwa yanapingana kama watu walivyopiga kelele. Lakini papo hapo ndo yalimfungia mlango mmoja. Kuna nafuu kwa mtu anayebadilisha makazi makuu, unauza ulipokuwa unaishi unanunua unapohamia, nyongeza hailipwi. Mtu anayesema makazi yangu makuu bado ni Ashton atasemaje kwamba Hove imechukua nafasi ya Ashton? Hawezi.

Siku tatu nne za mwanzo serikali ikakaza. Waziri Mkuu Keir Starmer akamtetea, watu wake wakasema kalipa alichotakiwa kulipa. Shida ni kwamba Rayner hakuweza kueleza kilichotokea, kulikuwa na amri ya mahakama inayolinda habari za mtoto, ikabidi aombe ilegezwe kwanza. Huku anasubiri akaenda kwa wakili mkubwa wa kodi, wa daraja la KC, safari hii kwa undani. Yule akasoma, akampa jibu. Unadaiwa.

Jumatano tarehe 3 Septemba akatoka hadharani, taarifa ndefu, akaeleza ndoa, mtoto, amana, akasema ushauri wa mwanzo ulikuwa na makosa, atalipa, na amejipeleka mwenyewe kwa Sir Laurie Magnus, mshauri huru wa maadili ya mawaziri. Akafanya na intavyuu na Beth Rigby wa Sky News, machozi yanamtoka. Siku hiyo hiyo akaenda kukaa benchi la mbele bungeni kwenye maswali ya Waziri Mkuu, Kemi Badenoch, kiongozi wa upinzani wa Conservative, anataka afukuzwe. Mimi niliangalia nikasema huyu anaweza kuchomoka. Kajishtaki mwenyewe, analipa, kisa chenyewe kina mtoto mgonjwa, Waingereza wana huruma na hizo habari.

Kesho yake ile kampuni ya mawakili iliyoshughulikia ununuzi, kampuni ndogo tu ya Kent, ikafungua mdomo. Wakasema sisi hatujawahi kumpa ushauri wa kodi wala wa amana, hatuna sifa ya kufanya hivo, sisi tuliingiza taarifa alizotupa kwenye kikokotoo cha HMRC mtandaoni, kikatoa 30,000. Wakalalamika kwamba wanabebeshwa zigo la watu.

Unajua kile kikokotoo kinavyofanya kazi? Kinakuuliza maswali machache, bei ngapi, tarehe gani, hii ni nyumba ya ziada ndio au hapana. Ukibonyeza hapana kinakupa 30,000, ukibonyeza ndio kinakupa 70,000. Hakina mahali pa kuandika kwamba mwanangu ana amana ya mahakama. Hakijui. Pauni elfu 40 zote ziko kwenye ubonyezaji mmoja, na anayetakiwa kujua abonyeze wapi ni mwenye nyumba, kwasababu kodi hii England unajikadiria mwenyewe, wakili anakupelekea tu fomu ndani ya siku 14 na jina linalowajibika ni lako.

Ijumaa tarehe 5 Septemba barua ya Magnus ikatoka. Ni fupi, na inastahili kusomwa mara mbili maana wengi walisoma nusu, kila mmoja nusu anayoitaka. Kwanza anasema Rayner ametenda kwa uadilifu na kwamba kujitolea kwake kwenye utumishi wa umma ni kwa mfano. Hakusema mwizi, hakusema muongo. Alafu anaeleza kwamba mara mbili aliambiwa na mawakili kuwa kiwango cha kawaida ndo kinachomhusu, lakini mara zote mbili ushauri ulikuja na tahadhari kwamba huu sio ushauri wa kitaalamu wa kodi, na katika mara hizo mbili moja ilikuwa na dokezo na nyingine pendekezo kabisa kwamba atafute mtaalamu wa kodi. Hakutafuta. Na angetafuta, Magnus anasema, kuna uwezekano mkubwa angeambiwa alipe kiwango cha juu, kama alivyokuja kuambiwa baadae. Kwahiyo hakufikia kile kiwango cha juu kabisa cha mwenendo kinachotakiwa na kanuni za mawaziri. Amevunja kanuni.

Siku hiyo hiyo akajiuzulu vyote, unaibu waziri mkuu, uwaziri wa nyumba, na unaibu kiongozi wa chama. Mwenyewe akaandika kwamba anajuta kutotafuta ushauri wa ziada wa kodi.

Mimi ninavyoona kesi yote iko kwenye hiyo tahadhari. Sote tunazijua hizo sentensi za mwisho wa barua ya wakili, "sisi si wataalamu wa kodi, tunakushauri umuone anayehusika," ni kama yale maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa, unaona wanajikinga tu wasije wakashtakiwa, unachukua jibu la juu unaondoka. Mtu wa kawaida akifanya hivo HMRC inamwita mzembe, anadaiwa kodi yake na faini inayoweza kufika asilimia 30 ya kilichopungua, yaani kwa hii mpaka pauni 12,000, anauma meno analipa maisha yanaendelea. Rayner lakini hakuwa mtu wa kawaida kwenye hili. Alikuwa waziri wa nyumba ananunua nyumba, nyumba yake ya awali iko kwenye amana, amana ni ya mahakama, mnufaika ni mtoto wake mdogo. Mazingira magumu kiasi hicho alafu unaambiwa mara mbili kamuone mtaalamu? Bei ya mtaalamu ni ndogo ukiilinganisha na hiyo 40,000. Hapo simtetei.

Na kulikuwa na historia. Mwaka mmoja tu nyuma, 2024, alishasumbuliwa kwa habari ya nyumba nyingine, ile ya halmashauri aliyoinunua Stockport 2007 kwa pauni 79,000 baada ya punguzo na kuiuza 2015 kwa 127,500. Polisi wa Greater Manchester walichunguza wakasema hakuna hatua zaidi, na upande wa kodi hakukutwa na deni. Alitoka salama. Sasa mtu aliyetoka kuchunguzwa na polisi kwa nyumba, si ndo alitakiwa nyumba inayofuata ainunue na wataalamu watatu pembeni? Au labda ndo tatizo lenyewe, ukishasafishwa mara moja unazoea kwamba kelele ni kelele tu.

Alafu mdomo. Januari 2023 Nadhim Zahawi, mwenyekiti wa Conservative, alifukuzwa kwa mambo ya kodi yake baada ya uchunguzi wa Laurie Magnus huyu huyu. Kiasi kilikuwa kikubwa mno, mamilioni, na pale kosa kubwa lilikuwa kuficha kwamba HMRC inamchunguza, kwahiyo kisheria hazifanani hata kidogo. Lakini Rayner alikuwa mstari wa mbele kumtaka Zahawi aondoke, na maneno ya upinzani hayana tarehe ya kuisha. Starmer naye alikuwa amewaahidi watu serikali safi baada ya vituko vya Conservative. Barua inayosema "amevunja kanuni" ikishafika mezani kwake, aseme nini?

Pengo lake liligeuza serikali nzima siku ile ile, David Lammy akawa Naibu Waziri Mkuu, Yvette Cooper akahamia mambo ya nje, Shabana Mahmood akapewa mambo ya ndani, Steve Reed akachukua nyumba. Unaibu wa chama ukaenda kwa Lucy Powell kwenye uchaguzi uliomalizika tarehe 25 Oktoba. Yote hayo, ukifuata uzi nyuma, unafika kwenye fomu ya siku 14.

Na Oktoba hiyo hiyo ikatokea ya pili, ndogo zaidi. Rachel Reeves, huyu huyu aliyepandisha nyongeza, akakutwa anapangisha nyumba yake ya kusini mwa London bila leseni ambayo halmashauri ya Southwark inaidai kwa wenye nyumba. Akasema hakujua. Kesho yake barua pepe zikaonekana, dalali alishaiambia familia yake kwamba leseni inahitajika. Watu wakasema basi, huyu naye anaenda. Hakwenda. Magnus akaangalia, akaona ni makosa ya bahati mbaya, Starmer akamwacha kazini. Kuna waliosema ni upendeleo, kwamba mmoja katolewa na mwingine kalindwa kwa kuwa bajeti iko njiani. Inawezekana siasa ilikuwepo, haikosekani. Ila ukizisoma zile karatasi mbili kwa pamoja unaona tofauti, kwenye zile barua pepe dalali anasema hii leseni tutakuombea sisi, alafu hakuomba na akaja kuomba radhi. Rayner hakuahidiwa na mtu kwamba atafanyiwa. Yeye aliambiwa nenda wewe.